Kutoka diploma hadi digrii: Muuguzi, piga hesabu kabla ya kuvuka

JE, msomaji, ulimaliza masomo yako katika chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, mjini Homa Bay au Migori, ukapata diploma na leseni, ukaajiriwa, na sasa moyo unakusukuma uende chuo kikuu? Au pengine wewe ni mume, mke au mzazi wa mtu kama huyo, na siku hizi kila mkikaa mezani jioni unasikia habari za karo? Makala haya ni yako.

Uamuzi wa kutoka diploma kwenda digrii si wa kufanywa kwa pupa. Unagusa mfuko, ndoa, watoto, wagonjwa unaowahudumia na mwili wako mwenyewe. Wapo waliovuka salama wakawa viongozi katika hospitali zetu. Wapo pia waliokwama katikati, wakiwa na madeni, shinikizo la damu na cheti ambacho hakikuwafaa. Mara nyingi tofauti kati ya hawa wawili si akili darasani. Ni matayarisho.

Kila nchi na njia yake

Nchini Marekani njia hii imezoeleka. Tangu mwaka wa 1901, chuo cha Joliet kilipofunguliwa katika jimbo la Illinois, vijana wengi wa huko husoma miaka miwili katika vyuo vya jamii vilivyo karibu na kwao na visivyo ghali sana. Kisha huhamia chuo kikuu cha miaka minne, wakibeba masomo waliyokwisha kufaulu ili wasirudie mwanzo.

Kwetu Kenya hatuna vyuo kwa jina hilo, lakini katika fani ya afya KMTC imefanya kazi inayofanana na hiyo. Mafunzo yake yalianza mwaka wa 1927, na mwaka wa 1990 chuo kikawa shirika la umma chini ya sheria ya bunge. Kampasi zake zimesambaa hadi Homa Bay na Migori. Kando yake zipo shule za hospitali za kidini, kama ile ya hospitali ya Waadventista huko Kendu Bay. Hivyo mtoto wa mvuvi wa Mbita au wa mkulima wa tumbaku wa Kuria anaweza kupata taaluma bila kwenda Nairobi.

Kuna sababu nyingine ya wengi kuanzia diploma. Kwa kawaida, anayetaka kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari huhitaji alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE. Diploma ya KMTC hupokea wenye C. Kuna watu wenye uwezo mkubwa ambao walikosa pointi chache tu kwa sababu ya karo, ugonjwa au msiba wakati wa mtihani. Kwao diploma ni mlango wa pili.

Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka wa 2014, diploma imewekwa ngazi ya sita na digrii ngazi ya saba. Ukiitazama kwenye karatasi ni hatua moja tu. Anayeipanda ndiye anayejua urefu wake.

Mgonjwa anafaidika?

Swali hili ni la haki, hasa kwako unayelipa ushuru na kupanga foleni hospitalini. Muuguzi akisoma zaidi, mgonjwa anapata nini?

Mwaka wa 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Linda Aiken, kuhusu hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya. Wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji walihesabiwa. Iligunduliwa kwamba kila sehemu ya wauguzi wenye digrii ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki katika siku 30 ulikuwa mdogo kwa asilimia 7.

Lakini usiishie hapo. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kuhudumia, uwezekano wa kifo ulipanda kwa asilimia 7 pia. Maana yake ni nini? Digrii nzuri katika wadi yenye muuguzi mmoja na wagonjwa wengi kupita kiasi inaweza kumezwa na kazi. Kwa hiyo kaunti inayomruhusu muuguzi aende masomoni bila kumweka mwingine mahali pake, huenda inatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono wa pili.

Ukanda wetu wa ziwa una sababu zake za kutaka wauguzi na matabibu waliobobea. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi vya ukimwi. Ni katika hospitali ya Homa Bay ambapo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo mwaka wa 2001, wakati ambapo dawa hizo hazikuwa zikifikiwa na mwananchi wa kawaida. Na ni Ndhiwa, mnamo Septemba 2019, ambapo chanjo ya malaria ilizinduliwa rasmi hapa nchini. Kazi za namna hiyo zinahitaji watu wanaoweza kutoa sindano, na pia kusoma takwimu, kupanga, kusimamia wenzao na kuuliza kwa nini mambo yameenda mrama. Hayo ndiyo masomo ambayo digrii huongeza: utafiti, uongozi na usimamizi wa huduma.

Masomo gani yatahesabiwa?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Usidhani kwamba diploma ya miaka mitatu itakupunguzia miaka mitatu ya digrii. Chuo kikuu hakihesabu miaka uliyokaa darasani. Hutazama masomo uliyosoma, saa zilizotumika, na alama ulizopata, kisha hulinganisha na mtaala wake. Somo linalolingana linaweza kukubaliwa. Lisilolingana utalisoma upya, hata kama umelifanyia kazi wadini miaka kumi.

Kwa sababu hiyo, vyuo vingi vimeandaa kozi maalumu kwa wauguzi waliosajiliwa, fupi kuliko ile ya miaka minne ya mwanafunzi anayetoka sekondari. Hiyo ndiyo unayopaswa kuulizia kwanza. Ukiomba nafasi katika kozi ya kawaida kwa kutojua, unaweza kuketi na vijana wa miaka 18 mkifundishwa namna ya kupima joto la mwili.

Tayarisha karatasi hizi mapema: cheti halisi cha KCSE, cheti cha diploma, orodha kamili ya masomo na alama, cheti cha usajili na leseni inayotumika. Baadhi ya vyuo huomba pia barua ya mwajiri na ushahidi wa miaka uliyofanya kazi. Omba pia chuo chako cha zamani kikupe maelezo ya yaliyomo katika kila somo. Karatasi hiyo hudharauliwa na wengi, na ndiyo inayoamua ni masomo mangapi yatahesabiwa.

Kama wewe ni tabibu wa ngazi ya diploma, yaani klinikal ofisa, jihadhari na uvumi wa vijiweni kwamba ukifanya kazi miaka kadhaa utaingia udaktari katika mwaka wa tatu. Digrii ya utabibu wa kliniki na digrii ya udaktari ni vitu viwili. Ile ya kwanza hujengwa juu ya diploma yako. Ya pili, kwa kawaida, utaianza mwaka wa kwanza pamoja na wengine, na ni safari ya takriban miaka sita. Chagua ukijua.

Chuo kipi, na barabara ipi?

Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2016. Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichopata hati yake mwaka wa 2022. Ni fahari kubwa kwa kaunti hizi. Hata hivyo, kuwa na chuo kikuu mlangoni si sawa na kuwa na kozi yako mlangoni. Uliza kwanza kama fani yako inafundishwa hapo na kwa kiwango gani.

Kwa uuguzi na fani za jirani zake, watu wa kwetu wamekuwa wakitazama zaidi Maseno, Kisii, Masinde Muliro kule Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, na vyuo vya kibinafsi kama Uzima na Great Lakes mjini Kisumu. Mkazi wa Migori au Rongo atafika Kisii kwa matatu moja. Mkazi wa Homa Bay atakwenda Kisumu kupitia Kendu Bay na Katito, au kupitia Oyugis na Sondu. Wa Mbita anaweza kuvuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, kisha ashike njia ya Bondo.

Mbona tunataja barabara katika ukurasa wa afya? Kwa sababu nauli na uchovu wa njiani ni sehemu ya karo. Mtu anayesafiri kila mwisho wa juma kwa miaka miwili au mitatu hutumia pesa na nguvu ambazo hazikuandikwa katika barua ya kukubaliwa.

Kusoma ukiwa kazini kunawezekana. Mwaka wa 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, lilianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti ili wafikie diploma bila kuacha vituo vyao. Maelfu walinufaika. Siku hizi vyuo kadhaa hufundisha wauguzi kwa mtandao au wakati wa likizo. Lakini kozi ya afya isiyo na mafunzo ya vitendo hospitalini ni ya kutiliwa shaka. Uliza mafunzo hayo yatafanyika wapi na kwa wiki ngapi.

Chunga cheti kisichotambulika

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, piga hodi katika milango miwili. Wa kwanza ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo huidhinisha vyuo na kozi za digrii. Wa pili ni baraza la taaluma yako: kwa wauguzi na wakunga ni Baraza la Wauguzi la Kenya, na kwa klinikal ofisa ni baraza lao lililo chini ya sheria ya mwaka wa 2017. Baraza ndilo linalosajili na kutoa leseni. Ukirudi na digrii ambayo baraza haliitambui, umenunua karatasi ya kutundika ukutani.

Usiridhike na maneno ya simu au tangazo la kwenye nguzo ya stima. Omba jibu la maandishi. Uliza mambo matatu: Je, kozi hii imeidhinishwa? Je, nitasajiliwa kwa ngazi ya digrii nikihitimu? Je, nitatakiwa kufanya mwaka wa mafunzo kazini baada ya kuhitimu, na kama ndiyo, nani atanilipa? Swali hili la tatu limewakuta wengi wamelala.

Pesa na mwajiri

Wengi hujiambia, "Nikipata digrii mshahara utapanda." Ni kweli kwamba mwenye digrii anayeajiriwa upya huanza ngazi ya juu kuliko mwenye diploma. Lakini aliyeko kazini tayari hapandishwi na cheti peke yake. Ni lazima kuwe na nafasi, kuwe na bajeti, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti ikubali kumbadilishia cheo. Wapo waliosubiri miaka.

Basi mwone mwajiri wako mapema. Omba ruhusa ya masomo kwa barua, na ukipewa likizo yenye mshahara, soma kwa makini mkataba utakaotia sahihi. Kwa kawaida utafungwa kurudi na kuitumikia kaunti kwa muda fulani, na ukiuvunja utadaiwa. Anayeondoka kimyakimya, akiwaachia wenzake zamu zake, huweza kurudi akute jina lake limefutwa kwenye orodha ya mishahara.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ina mpango wa wafanyakazi wanaoendelea na masomo. Kama ulikopa ukiwa KMTC, maliza kwanza hesabu ya deni la zamani, maana lililosahaulika huzaa faini. Vyama vya akiba na mikopo navyo husaidia. Kumbuka tu kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Ikiwa payslip yako tayari imeguguna kiasi hicho kwa sababu ya mkopo wa shamba au pikipiki, hakuna nafasi ya karo.

Chukua karatasi uandike: karo, nauli, malazi, vitabu, sare, intaneti, na zamu za ziada utakazozikosa. Halafu ongeza mtu wa kukaa na watoto. Ukipata jumla, igawanye kwa miezi ya kozi. Je, kiasi hicho kinatoka wapi kila mwezi? Kama jibu ni "Mungu atajua", ngoja mwaka mmoja uweke akiba.

Usingizi si anasa

Tuje sasa kwenye mwili. Tuseme unafanya zamu ya usiku katika wadi ya wazazi, unatoka saa moja na nusu asubuhi, saa tatu una somo, alasiri una kazi ya kuandika, na jioni unarudi zamu. Utaweza wiki moja. Mwezi wa pili mwili utadai chake.

Mwaka wa 1997 watafiti Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Hungekubali kumchanganyia mtoto dawa ukiwa umelewa. Basi usikubali kumchanganyia ukiwa hujalala. Wala usipande pikipiki kujiendesha mwenyewe baada ya zamu ya usiku na kuelekea barabara kuu ya Isebania yenye malori. Panda matatu, ulale njiani.

Panga hivi. Jaribu kukubaliana na msimamizi wako zamu za usiku zifuatane, kisha upate siku za kupumzika, badala ya kuruka usiku na mchana kila siku mbili. Unapolala mchana, funga pazia zito, zima simu, na uwaambie wa nyumbani kwamba huo ndio usiku wako. Kahawa inywe mwanzoni mwa zamu, si mwishoni. Miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu haviondoi uchovu. Huuahirisha tu, na moyo ndio unaolipa.

Kula chakula kabla ya zamu. Chai na mandazi saa nane za usiku, kila usiku, kwa miaka miwili, huongeza kitambi na huenda vikaleta kisukari. Pimwa shinikizo la damu kila baada ya miezi mitatu. Wewe huwapima wengine mchana kutwa. Nani anakupima wewe?

Kama unakwenda kusoma mbali, Nairobi kwa mfano, kumbuka jambo ambalo hata watu wa afya hulisahau. Mtu mzima aliyekulia kando ya ziwa huwa na kinga kiasi dhidi ya malaria kwa sababu ya kuumwa na mbu mara kwa mara. Akikaa mbali muda mrefu, kinga hiyo hupungua. Ukirudi likizo Homa Bay, lala ndani ya chandarua, na ukipata homa upimwe siku hiyo hiyo.

Dalili za akili nazo usizidharau. Ukiona umeanza kuwakaripia wagonjwa, unalia bila sababu, hulali hata ukipata nafasi, au unaona maisha hayana maana, usijiambie ni mtihani tu. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali ya kuchoshwa kabisa na kazi katika orodha yake ya magonjwa na hali zinazohusu afya, kuwa jambo linalotokana na mfadhaiko wa kazini usioshughulikiwa. Mwone mshauri au daktari. Kuahirisha muhula mmoja si kushindwa.

Nyumbani wakubaliane

Mume anayeshangilia siku ya kupokea barua anaweza kunung'unika mwezi wa nne, watoto wanapolala njaa ya ugali wa mama. Ndivyo ilivyo hata kwa mke ambaye mume wake amehamia hosteli. Kaeni chini kabla ya muhula kuanza. Semeni wazi nani atapika, nani atahudhuria mkutano wa shule, na matanga ya ukoo mtakwenda yapi na yapi mtatuma mchango tu. Waelezeni wazee. Kwetu, anayekosa mazishi bila kueleza huonekana ana kiburi. Anayeeleza husamehewa.

Nawe mzazi uliyemsomesha mwanao hadi diploma, usimkimbize. Mwache afanye kazi mwaka mmoja au miwili, aijue wadi, aweke akiba. Mwanafunzi wa namna hiyo huuliza maswali darasani ambayo kijana asiyewahi kumwona mgonjwa hawezi kuyauliza.

Msomaji, elimu haina mwisho, lakini ina ratiba. Ziwa huvukwa na yule aliyetazama upepo, akakagua ngalawa, na akawaambia wa nyumbani saa ya kurudi. Wiki hii anza na mambo mawili yasiyo na gharama: liandikie baraza lako barua kuuliza kuhusu kozi unayoitaka, na upimwe shinikizo la damu. Ukipata majibu hayo mawili, utajua kama ni mwaka wa kwenda au mwaka wa kujiandaa.